Uzi wa tizi la bei ya chini: dumu la maji, mpira wa ndani wa baiskeli na miguu yako mwenyewe

MLETA UZI:

Habari za muda huu wakuu. Hili jambo nimekaa nalo miezi nikaona nilimwage hapa maana najua tuko wengi.

Mimi ni wakala wa pesa, kibanda changu kiko Ubungo, nafungua saa moja asubuhi nafunga saa tatu usiku na muda wote huo niko kwenye stuli. Asubuhi chai na chapati mbili, mchana wali maharage wa mama ntilie, saa kumi soda baridi maana joto la kibanda cha bati mnalijua wenyewe, usiku nikipita njiani naondoka na chipsi yai. Miaka sita hivyo hivyo. Mei 2025 walikuja watu wa afya jirani na pale wanapima presha bure, nikasogea kwa sababu foleni ilikuwa fupi tu, ikasoma 148 kwa 96. Nesi akanikalisha dakika kumi, akarudia, 146 kwa 94. Nina miaka 36 wakuu. Akaniambia "kaka usikatae wala usiogope, nenda zahanati ukapime tena siku nyingine, ikiendelea kusoma 140 kwa 90 kwenda juu hiyo ni presha tayari". Nikaenda, ikaendelea. Daktari akasema kwa hali yangu ananipa miezi mitatu nibadilishe maisha ndio tuongelee dawa. Na mimi mama yangu mdogo alipooza upande wa kulia kwa presha hii hii, nimemlisha uji kwa mkono wangu, kwahiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nikakimbilia gym. Ilikuwa Sinza, 70,000 kwa mwezi lakini ukilipa miezi mitatu kwa mpigo 180,000, nikalipa. Nimeenda mara tisa. Gawanya wenyewe, kila nilipokanyaga pale nimelipa 20,000 na nauli juu. Na sikuwa mvivu, nataka mnielewe hapo, nafunga kazi saa tatu wao wanafunga saa nne, mpaka nifike nibadilishe nguo imebaki nusu saa, alafu niko upande ambao sio wa kwenda nyumbani Kimara. Ile gym ilikuwa nje ya njia yangu. Ndio kitu nilichokuja kukigundua, mazoezi yakiwa nje ya njia unayopita kila siku yatakufa hata kama ni ya bure.

Septemba nikaona Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa Tanzania, anachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, nikashikwa na moto, kesho yake saa kumi na moja alfajiri niko barabarani nakimbia. Siku ya tatu magoko yanauma mpaka kushuka ngazi nashikilia ukuta. Wiki mbili nimekaa. Kilo 91 zilizozoea stuli huwezi kuzitupa kwenye lami hivyo.

Ndipo nikaanza upya kwa kutembea. Asubuhi napanda mwendokasi Kimara Mwisho kama kawaida ila nashuka Baruti, namalizia kwa miguu mpaka Ubungo, njia ya waenda kwa miguu ipo pembeni, dakika 40 hivi kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Ule mwendo wa kuweza kuongea lakini kuimba huwezi. Siku tano za wiki hizo ni dakika 200, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa hivyo, kwahiyo nimeshapita kiwango kabla sijafungua kibanda, bila shilingi ya ziada. Baada ya wiki sita ndio nikaanza kuchanganya, dakika moja nakimbia mbili natembea. Magoko hayajauma tena.

Ila kutembea peke yake hakutoshi, mwili unataka na kazi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, kwa sababu misuli ndiyo inayokula sukari ya kwenye damu na ndiyo itakayokuinua kwenye kiti ukiwa mzee. Hapa ndio nimetumia 1,000 tu. Nilienda kwa fundi baiskeli nikamuomba mpira wa ndani uliochoka viraka, akanipa kwa buku. Nikakata pale penye valvu ukabaki mrefu kama mita mbili hivi. Ndani una unga mweupe kama poda, uoshe na sabuni uanike kivulini. Unakaa chini miguu umenyoosha, unaupitisha kwenye nyayo, unashika ncha mbili umezungushia kiganjani, unavuta viwiko vinapita mbavuni kurudi nyuma mpaka usikie mifupa ya mgongoni nyuma ya mabega inakaribiana, unahesabu moja mbili, unaachia taratibu. Mara kumi na mbili unapumzika, mizunguko mitatu. Mgongo wangu uliokuwa umepinda kama ndoano kwa kuinamia simu za wateja umeanza kunyooka kwa zoezi hilo moja. Watu wengi wa tizi la nyumbani wanapiga pushapu tu wanasahau kuvuta, mabega yanakuja mbele. Tahadhari, ukague mpira kila siku ukivutwa kwa mwanga, ukiona mpasuko achana nao, ukikatika unarudi usoni.

Pushapu mwanzo sikuweza hata nne. Nikaanzia ukutani, nikaja kwenye ukingo wa meza, kitanda, sasa sakafuni naenda 15. Skwati nashuka mpaka makalio yaguse stuli nainuka, nikizoea nashika dumu. Dumu la lita tano la mafuta ukijaza maji ni kilo tano, ukijaza mchanga mkavu linasogea kwenye kilo nane. Mshikio wake unakata vidole, zungushia kitambaa.

Leo ni miezi saba tangu nianze na ile gym, niko kilo 83. Maswali yaje.

MDAU WA TEMEKE:

Mkuu hongera sana ila usiwavunje watu moyo na gym. Sisi huku tuna gym ya mtaa, vyuma vya saruji tumemwagia wenyewe kwenye makopo ya rangi, fito ni bomba la chuma, buku kwa siku, ukikosa utalipa kesho. Nyumbani unafanya peke yako ukichoka unaacha, hapa kuna kaka yako amesimama kichwani anasema bado mbili. Na kwa miguu na mgongo, chuma kizito hakina mbadala, ile dumu utaizoea ndani ya miezi miwili halafu itakuwa mzaha.

Nachowaomba wanaotumia vya saruji wapimeni hivyo vitu. Sisi tulikuwa na pea moja inayoitwa "kumi na tano" miaka miwili, jamaa mmoja analalamika bega la kushoto linauma kila akilala benchi, siku moja tukazibeba mpaka kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, moja kilo 14 nyingine kilo 17. Kilo tatu za tofauti kila siku miaka miwili. Tumechonga na kuandika namba kwa rangi. Na mwisho wa fito wekeni kizuizi, kipande cha mpira wa tairi unakaza na waya kinatosha, chuma kikiteleza upande mmoja ule mwingine unakurukia.

MLETA UZI:

Uko sahihi mkuu na nakubali, kama gym ya mtaa iko kwenye njia yako nenda, buku kwa siku tatu za wiki ni 12,000 kwa mwezi na mnasimamiana. Mimi ninaposema siwezi ni kwa masaa yangu ya kazi. Kuhusu dumu kuwa jepesi, kabla hujaongeza uzito ongeza muda, shuka kwa kuhesabu tatu, simama chini kidogo, panda. Au fanya skwati ya mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Uzito ule ule unakuwa mara mbili. Ila ndio, ipo siku utaisha na utahitaji chuma.

MAMA WA MBAGALA:

Samahani kaka zangu, nyie mnaongelea barabarani na vyuma. Mimi nina watoto wawili, mdogo ana miezi minane, nimeongezeka kilo 14 tangu ujauzito. Nikitoka nakimbia na tracksuti mtaani kwetu maneno hayaishi, na mtoto namuacha na nani? Chumba ni kimoja na kitanda kimechukua nusu. Kuna rafiki yangu ananiuzia chai ya kupunguza tumbo 35,000, mseme ukweli inasaidia?

DADA WA KIGAMBONI:

Shosti hiyo hela nunua mayai. Nyingi za hizo chai ni za kuharisha tu, unakwenda chooni mara tano, unapima unaona kilo mbili hazipo, ni maji hayo, ukinywa na kula vinarudi. Na kama unanyonyesha ndio kabisa usiguse kitu ambacho hujui kimewekwa nini.

Mimi nina wa miaka miwili na nilianzia chumba kama chako. Kwanza kabla ya yote anza na misuli ya chini, ile unayobana ukitaka kuzuia mkojo, bana hesabu tano achia, mara kumi, hata ukiwa unaosha vyombo hakuna anayejua. Mimi nilikuwa nikipiga chafya navuja, nikaona aibu kusema mpaka nesi wa kliniki alipouliza mwenyewe. Ndani ya miezi mitatu imeisha. Kama ulijifungua kwa upasuaji waulize kliniki kabla ya zoezi lolote la tumbo. Baada ya hapo mtoto akilala una dakika 15, khanga umejifunga vizuri au dera, unalala chali magoti juu unainua nyonga, skwati kwenye ukingo wa kitanda, pushapu za ukutani. Nafasi inayohitajika ni ya mkeka mmoja. Mtoto asipolala unamfunga mgongoni unatembea nae, kwenda gengeni la mbali badala ya la karibu, hakuna mtu atakuuliza unaenda wapi na mtoto mgongoni. Na tumbo halipungui kwa zoezi la tumbo dada, mafuta yanatoka mwili mzima kidogo kidogo na tumbo huwa la mwisho. Usikate tamaa kwa hilo, utaanza kuona kwenye mikono na uso.

MAMA WA MBAGALA:

Asante sana dada yangu, la kuvuja hata mimi linanisumbua nilidhani ni la kawaida kwa aliyezaa. Naanza leo.

MDAU WA NAIROBI:

Niaje watu wa TZ. Mimi niko Pipeline, nakaa ghorofa ya tano na hakuna lifti, maji ikipotea tunabeba mitungi ya lita 20 kutoka chini. Kitambo nilikuwa nachukia hizo ngazi, siku hizi nimezifanya mazoezi, kila jioni napanda na kushuka mara sita bila kubeba kitu, na siku ya maji nabeba mkono huu nikifika ghorofa ya tatu nabadilisha. Shida yangu ni chakula. Nasoma watu wakisema lazima protini, unga ya protini mkebe mmoja unamaliza rent. Nifanyeje na githeri?

MLETA UZI:

Karibu sana ndugu yetu. Githeri ndio kande kwetu huku na usiidharau hata kidogo. Mahindi yana upungufu wa aina fulani ya protini ambayo maharage yanayo, na maharage yanapungukiwa kile ambacho mahindi yanacho, vikikutana kwenye sufuria moja vinakamilishana. Bibi zetu walilijua bila darasa. Cha kufanya geuza kipimo, maharage yawe mengi kuliko mahindi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu kama 15 za protini, yai moja gramu sita. Mtu anayefanya mazoezi ya nguvu akipata gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake yuko vizuri, kwa hiyo wa kilo 70 ni kama 84 mpaka 112 kwa siku. Ukipiga hesabu ya maharage, mayai mawili, maziwa kikombe, karanga na omena unafika, mkebe wa unga sio lazima.

MDAU WA MWANZA:

Hapo kwenye omena ndio mmenigusa, sisi huku dagaa tunazaliwa nazo halafu mtu akipata kazi anaziona chakula cha shida, anahamia soseji. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na unamla na mifupa yake kwahiyo kalsiamu unapata. Shida ni mchanga na mapishi. Toa vichwa, weka kwenye maji ya moto dakika mbili tatu, sugua kidogo, mwaga, rudia mpaka maji yatulie chini bila mchanga, halafu kaanga na kitunguu na nyanya nyingi na mafuta vijiko viwili, sio kuzamisha. Ukitoa jikoni kamulia ndimu. Ndimu sio ya kuondoa harufu tu, inasaidia mwili kunyonya madini ya chuma ya kwenye mboga. Na chai msinywe pamoja na chakula, subirini hata lisaa, chai inazuia hayo madini, kina mama wenye upungufu wa damu hasa wazingatie.

MLETA UZI:

Mkuu umemaliza. Kwenye chakula mimi sikufanya dayati yoyote, nilibadilisha vitu vitatu. Soda niliacha, chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na mimi nilikuwa nakunywa kila siku. Sasa nabeba chupa ya maji ya lita na nusu, naigandisha usiku, mpaka saa kumi bado ya baridi. Chumvi nikaacha kuongeza mezani na viungo vya vipakti nikapunguza, kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu tano, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu pamoja na kilichomo kwenye mchuzi, hilo kwa mtu wa presha ni kubwa sana. Na sahani nikaigeuza, mchicha au tembele nusu, ugali robo, maharage au dagaa robo. Mama ntilie wangu mwanzo alinishangaa, sasa nikifika anajaza mboga bila kuuliza na bei ni ile ile.

Ugali nimehamia dona, linashibisha muda mrefu na pumba yake ina faida. Ila mahindi na karanga msinunue vyenye ukungu au vilivyonyong'onyea kwa bei ya kutupa, ukichambua ukaona punje ya rangi ya kijani au nyeusi toa. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo, sio hadithi.

MDAU WA UNGUJA:

Assalaam aleikum. Kwetu mazoezi ni ya vikundi, jioni viwanja vya Maisara hapakosi watu, na kila tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi Zanzibar nzima, vikundi kutoka kila pembe vinakutana. Mimi ni mtu mzima nina miaka 58, nakwenda polepole na wenzangu wa rika langu, na kinachonitoa nyumbani hasa ni kwamba nisipoonekana siku mbili watagonga mlango. Kwa wanaofunga, mwezi wa Ramadhani msiache kabisa mkaja kuanza upya Shawwal. Tembeeni nusu saa kabla ya magharibi kwa mwendo wa chini, mkimaliza mnafungua hapo hapo, kazi ya nguvu iwe baada ya tarawehe. Na futari ya kukaangwa tupu ikigeuka ya kuchemsha, muhogo, viazi vitamu, kunde, mwili hauchoki. Mwenye kisukari na anayetumia dawa azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

MLETA UZI:

Wa aleikum salaam mzee wangu, shikamoo. La kugongewa mlango nalichukua, nimemwambia jirani yangu wa kibanda cha pili tuwe tunashuka wote Baruti.

MDAU WA ARUSHA:

Viatu je? Raba mpya za kukimbilia ni laki na kitu.

MLETA UZI:

Mtumba mkuu, mimi nimechukua soko la Karume hapa Dar 18,000. Usiangalie juu, geuza. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba upande wa kisigino, ikirudi iko hai, ikibaki na mikunjo kama uso wa mzee imekufa. Kisha ikunje, raba nzuri inakunjika pale vidole vinapoanzia, ikikunjika katikati kama chapati rudisha. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, ikiegemea upande mmoja mwenye nacho wa kwanza alishaimaliza upande huo, itakupeleka goti. Nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, uache nafasi ya unene wa dole gumba mbele.

MDAU WA ARUSHA:

Shukrani. Na presha sasa hivi inasoma ngapi? Na masika yakianza hiyo Baruti unatembeaje?

MLETA UZI:

Zahanati wiki iliyopita 131 kwa 84. Daktari amesema dawa bado, nirudi baada ya miezi mitatu, na ameniambia wazi ikipanda nitaanza dawa bila kubishana na mimi nimekubali, mazoezi na dawa sio maadui, aliyeandikiwa dawa asije akaziacha kwa kusoma uzi huu.

Masika nimeshajiandaa, siku ya mvua nageuza, asubuhi nafanya ya nguvu chumbani dakika 25 na jioni ikikatika natembea. Mpira wangu jana nimeuona una mpasuko mdogo karibu na pale ninapozungushia mkono, nikifunga leo napitia kwa fundi baiskeli kabla hajaondoka, safari hii namuomba miwili.